Nundu ya Ngamia na Lundo la Mchanga





 Napenda leo kuwasimulia kosa langu moja la ualimu na jinsi nilivyojaribu kulirekebisha. Huenda yupo mwalimu au mzazi atakayefaidika nalo, inshaAllah.

Mimi ni mwalimu wa madrasa. Nafundisha Arua, na wakati wa likizo huenda Koboko, safari ya kama kilomita 55, kusaidia madrasa moja ya huko. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana, nilikuwa nafundisha Suratul Ghaashiya kwa watoto wa miaka kumi na miwili hivi. Tulipofika mahali Mwenyezi Mungu anapowaita watu wamtazame ngamia jinsi alivyoumbwa, mtoto mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, ile nundu yake ina nini ndani?"

Nikamjibu bila kusita, "Ina maji. Ndiyo maana anavuka jangwa."

Akauliza tena, "Sasa yale maji yanaingiaje mdomoni?"

Darasa likacheka. Mimi nikaona ananichezea. Nikamwambia akae chini, aache maswali ya kupoteza wakati. Akakaa. Na mwaka ule wote hakuuliza tena swali lolote, si la ngamia wala la twahara.

Siku chache baada ya Idi ya kuchinja mwaka 2023 kijana yule alikuja kunisalimia. Sasa ni mtu mzima, dereva wa lori, ana watoto. Aliniletea sukari na sabuni, tukanywa chai. Katika mazungumzo akasema kwa adabu kabisa, "Mwalimu, wakati nilipokuwa nabeba mizigo kati ya Isiolo na Moyale, kule kaskazini mwa Kenya, nilimwona ngamia akichinjwa. Ile nundu haina maji. Ni mafuta matupu, meupe, kama ya mkia wa kondoo."

Hakusema zaidi. Lakini nilijua kuwa amelibeba swali lile tangu utotoni mpaka akalipata jibu lake mwenyewe, barabarani, bila msaada wangu. Usiku ule usingizi ulinipaa. Nilijiuliza ni watoto wangapi nimewaambia kuwa nundu ni tangi la maji, na ni wangapi nimewanyamazisha.

Maneno bila picha

Ndugu zangu, watoto wetu wa West Nile wanahifadhi aya nyingi zenye ngamia, mitende, upepo wa mchanga na sarabi. Wanajifunza tayammamu. Wanasoma sira, na sira imejaa safari za jangwani. Lakini wanakaa Arua, mahali ambapo mvua ya mwaka hupita milimita 1,000, na maembe huoza chini ya miti kwa kukosa mlaji. Jangwa kwao ni neno tu. Wanalibeba kama mtu aliyepewa sanduku lililofungwa akaambiwa alitunze bila kulifungua.

Aya yenyewe inawataka watu watazame. Mimi nilikuwa nawataka wakariri tu.

Basi nikaamua kuwa likizo za Koboko, Jumamosi baada ya kusikiliza hifdhi, tutakuwa na somo la jangwa la saa moja kwa watoto wa darasa la sita, la saba na kidato cha kwanza. Mimi si mtu wa sayansi. Nilimwendea mwalimu mmoja wa sekondari, jirani yetu, akanieleza mambo kwa subira na akaniazima kipimajoto. Vitu vingine vyote vilikuwa vya nyumbani. Na jangwa lenyewe tulilipata bure. Madrasa ilikuwa inajenga vyoo, na uani kulikuwa na lundo kubwa la mchanga wa mtoni linalongoja mafundi.

Somo la kwanza nilianza kwa kukiri. Niliwaambia watoto, "Nundu ya ngamia ni mafuta, ni akiba ya chakula. Mimi nilifundisha vibaya kwa miaka mingi." Wakanitazama kwa mshangao, maana hawakuzoea kumsikia mwalimu akisema hivyo. Kisha nikawaeleza niliyojifunza. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Knut Schmidt-Nielsen alikwenda Algeria kuwachunguza ngamia katika Sahara. Ngamia mwenye kiu huuacha mwili wake ushuke hadi nyuzi 34 alfajiri na kupanda hadi karibu nyuzi 41 mchana, hivyo hahitaji kutoa jasho jingi ili ajipoze. Akifika kisimani anaweza kunywa lita 100 kwa muda wa robo saa hivi. Mafuta yake yamekusanywa mgongoni badala ya kutandazwa chini ya ngozi yote, kwa hiyo joto linatoka mwilini kwa urahisi. SubhanAllah, kumbe jibu la kweli ni la ajabu kuliko lile nililokuwa nalitoa kichwani.

Mstari ukutani

Niliwauliza, jangwa ni nini? Wote wakasema, "Joto!" Mmoja akasema, "Mchanga!"

Tukachukua rula na chaki. Tukachora mstari ukutani sentimita 25 kutoka sakafuni, halafu mwingine mita moja na zaidi. Wa juu ni kina cha mvua ya Arua kwa mwaka, kama maji yote yangesimama yasikauke wala kuzama. Wa chini ni milimita 250, kipimo ambacho chini yake mahali huhesabiwa kuwa jangwa. Mtoto mmoja akasimama ukutani. Mvua yetu ilimfika kifuani, ya jangwa haikufika gotini. Na sehemu nyingi za Sahara hazipati hata nusu ya mstari ule wa chini.

Hapo ndipo walipoelewa kuwa jangwa ni upungufu wa maji kabla ya jambo lolote lingine. Hata bara la Antaktika, lenye barafu, linahesabiwa kuwa jangwa. Na Sahara yenyewe, ambayo ina ukubwa wa Uganda mara zaidi ya 35, sehemu yake kubwa ni mawe na kokoto. Vilima vya mchanga ni kama robo tu.

Saa saba mchana tukatoka kwenye lundo. Kipimajoto juu ya mchanga kikapanda mpaka nyuzi 51. Tukachimba kiasi cha sentimita 20, tukakiweka pale chini na kukifunika. Kikashuka hadi 30. Kila mtoto alitia mkono wake akahisi mwenyewe. Sikuwa na haja tena ya kueleza kwa nini nge na panya wa jangwani hulala chini ya ardhi mchana na kutoka usiku.

Kisha tukararua kanzu kuukuu vipande vitatu vilivyo sawa, tukavilowesha. Kimoja tukakitandaza juani, cha pili tukakikunja kama mkeka, cha tatu tukakikunja na kukivingirisha karatasi ya nailoni. Baada ya saa mbili cha kwanza kilikuwa kikavu kabisa, cha pili kilikuwa na unyevu ndani, cha tatu kilikuwa kama tulivyokiacha. Nikawaletea jani la mshubiri, ambalo mama zao wanalijua kama dawa. Walipolivunja wakaona ngozi ngumu yenye nta na ute ndani. "Mwalimu," akasema binti mmoja, "huu umejivalisha nailoni."

Mtoto kutoka Omdurman

Katika watoto wale alikuwamo mmoja ambaye hakuwa akisema kitu. Familia yake ilikimbia Omdurman baada ya vita vya Sudan kuanza tarehe 15 Aprili 2023. Walipita Juba wakafika kwetu kupitia mpakani. Alikuwa anasoma Qur'an vizuri kuliko wote, lakini Kiswahili hakujua na Kiingereza kidogo sana. Watoto wa Kinubi walimwelewa kiasi, maana Kinubi chao kimetokana na Kiarabu cha Sudan, ila alikaa pembeni, na wenzake wakamzoea hivyo.

Mwezi wa nane nilitaka kuwaonyesha chungu cha kupozea. Ni vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Mwalimu wa Nigeria aliyeitwa Mohammed Bah Abba, aliyezaliwa katika ukoo wa wafinyanzi, alieneza kifaa hicho vijijini kaskazini mwa nchi yake, na mwaka 2000 alitunukiwa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto, na kilicho ndani hupoa. Ni kama mtu aliyetoka kuoga akapigwa na upepo.

Tukatia nyanya ndani ya chungu, na nyanya nyingine tukaziacha ndani ya kikapu. Baada ya siku sita zote zilikuwa zimeoza, na za chunguni zilioza vibaya zaidi. Mimi nikaona aibu.

Yule mtoto wa Omdurman akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. Akasema neno kwa Kiarabu, na rafiki yake akatafsiri, "Anasema hewa ya hapa imeshiba maji. Chungu hakiwezi kuipa mengine."

Nikamkalisha mbele. Kwa kutafsiriwa, akatueleza kuhusu zir, mitungi mikubwa ya udongo ambayo watu wa Sudan huiweka barabarani na nje ya nyumba ili kila mpita njia anywe maji baridi, iwe sadaka. Akatueleza kuhusu tufani la vumbi, haboob, linavyokuja kama ukuta wa kahawia hadi mchana ukawa giza, na jinsi bibi yake alivyokuwa akiziba nyufa za milango kwa nguo zilizoloweshwa. Watoto walimsogelea mpaka nikashindwa kumwona. Kwa miezi ile yote tulikuwa na mwalimu wa jangwa ndani ya darasa, na mimi nilikuwa nafundisha kutoka vitabuni huku yeye amekaa pembeni kimya.

Mwezi wa Januari, upepo mkavu ulipokuwa unavuma na midomo imepasuka, tulirudia. Safari hii yeye ndiye aliyepanga vyungu, akaviweka kivulini penye upepo, akalowesha mchanga asubuhi na jioni. Nyanya za kikapuni zilinyauka ndani ya siku nne. Za chunguni zilikaa zaidi ya wiki mbili. Ndipo watoto wakaelewa kuwa ufundi mmoja unafaa msimu huu na haufai msimu ule, na kwamba jaribio lililoshindikana lilitufundisha zaidi ya lile lililofaulu.

Maji yasiyokuwepo

Sarabi hatukuitengeneza. Tangu barabara ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba iwekwe lami, kila mchana wa kiangazi unaiona. Niliwachukua watoto hadi kando ya barabara, wazazi wawili wakisimama nao kwa usalama, tukatazama mbele mahali palipo tambarare. Pale mbali palimeremeta kama dimbwi, na pikipiki ikaonekana kana kwamba inapita majini. Tulipotembea kulifuata, likarudi nyuma. Hewa iliyo karibu na lami ni ya moto sana, ya juu yake ni baridi kidogo, na mwanga wa mbingu hupinda kati yake ukaingia machoni kutoka chini. Unachokiona ni mbingu, nawe unadhani ni maji.

Tulipokaa kivulini nikawakumbusha kuwa katika Suratun Nuur amali za waliokufuru zimefananishwa na sarabi ambayo mwenye kiu huidhania maji, hata akiifikia hapati kitu. Walikuwa wanaijua aya ile kwa moyo. Lakini siku ile mtoto mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwalimu, mtu atajuaje kama yake ni maji au ni barabara?" Nilimwambia hilo ni swali la umri wote wa mtu, tuendelee kuliuliza. Safari hii sikumwambia akae chini.

Jumamosi ya mwisho tulichimba shimo la kukusanya maji. Ndani tuliweka nyasi mbichi na majani ya mgomba, katikati kikombe, juu nailoni safi iliyozibwa kwa mchanga pembeni, na kijiwe katikati ya nailoni juu ya kikombe. Jua hutoa maji kwenye majani na udongo, mvuke hugeuka matone chini ya nailoni, na matone huteremka kikombeni. Tulianza saa tatu asubuhi. Saa tisa alasiri tukafunua na kukuta vijiko vitatu vya maji.

Watoto kumi na wanne wakakitazama kile kikombe. Hakuna aliyecheka.

Ilikuwa wakati wa Alasiri. Nikasema, leo kila mtu atawadhe kwa birika, na chini aweke beseni, tupime. Wengi walitumia lita mbili, mmoja lita tatu. Mimi, mwalimu wao, nilitumia lita mbili na nusu. Mtume (S.A.W.) imepokewa kuwa alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo kwa hesabu ya wengi ni kama theluthi mbili za lita. Nimelifundisha jambo hilo zaidi ya miaka ishirini, na siku ile ndipo nilipopima udhu wangu kwa mara ya kwanza. Mtoto wa Omdurman alitumia chini ya lita moja, na hakukosa kiungo.

Malalamiko ya mzee

Sitaficha kuwa si kila mtu alifurahi. Mzee mmoja alikuja akaniambia, "Ustadhi, nilimleta mjukuu wangu asome Qur'an, sikumleta kuchimba mashimo. Ya kuchimba atayapata shule." Nikamkaribisha kiti. Nikamwambia, "Mzee wangu, hifdhi haikupungua hata aya moja, njoo uwasikilize." Akaja, akawasikiliza, akaridhika na hifdhi. Lakini mjukuu alimwondoa. Mzazi mwingine pia alimwondoa mtoto, naye akamrudisha baada ya mwezi. Yule mjukuu hakurudi, na mpaka leo najiuliza kama nilipaswa kwenda kwanza kwa wazazi kabla ya kuanza. Nadhani nilipaswa. Mwalimu anayetaka kufanya hivi awaite wazazi mapema, wakae, waone, wachangie hata vyungu.

Na jambo lingine. Katika hofu ya mzee yule mna ukweli ambao nauheshimu. Wapo wanaoigeuza Qur'an kuwa kitabu cha fizikia, kila ugunduzi mpya wanautafutia aya, na ugunduzi ukibadilika mwanafunzi anabaki na shaka. Sisi hatukufanya hivyo. Qur'an ni uongofu. Inatuambia tutazame, na kutazama ni kazi yetu, kwa macho, kwa mikono na kwa kukubali kukosea. Tukikosea, kosa ni letu.

Kwa wazazi nyumbani

Hamhitaji maabara. Vipande vitatu vya kitambaa kilicholowa vinatosha kwa asubuhi moja. Chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka, iliyokatwa juu na kuwekwa rula, itawapimia watoto mvua ya mwaka mzima. Udhu wa birika na beseni mnaweza kuupima leo hii. Chungu cha kupozea kijaribuni kiangazi, msijaribu masika. Majaribio ya jua yafanyike mtu mzima akiwepo, na maji ya shimo yatoke kwenye majani mnayoyajua kuwa hayana sumu. Na mtoto akiuliza jambo usilolijua, mwambie tu "sijui, tutafute." Neno hilo halikupunguzii heshima. Wanavyuoni wetu wakubwa walilisema mara nyingi.

Familia ya yule mtoto ilihamia Kiryandongo mwaka 2024. Siku ya kuaga alikuja na rafiki yake, akaniambia kwa Kiswahili, akitafuta kila neno, "Mwalimu, chungu, maji, kila siku." Vyungu vile bado vipo kivulini mlangoni mwa madrasa. Tuliondoa mchanga, chungu kikubwa tukakitia maji ya kunywa na kikombe juu yake, wapita njia wanakunywa. Watoto hujaza kwa zamu, na wanakiita zir.

Na yule dereva wa lori alipopita tena nilimwomba aje darasani awasimulie watoto habari za Isiolo. Alipomaliza nikawaambia mbele yake kuwa mtu huyu aliuliza swali zuri zamani, na mwalimu wake hakumjibu sawa. Akainamisha kichwa, akacheka kidogo. Nikamwomba msamaha, naye akanisamehe. Allah amlipe kheri.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu yenye manufaa, utusamehe tuliyoyafundisha kwa kutojua, uwalinde watoto wetu na watoto wa ndugu zetu wa Sudan, na uwarudishe makwao kwa amani. Amin.